Huduma ya kitabu cha kumbukumbu za maisha: inamfaa mzee kuliko kijana

Miaka ya karibuni zimezuka huduma za mtandaoni zinazomwezesha mtu yeyote kupata kitabu cha maisha yake pasipo kuwa mwandishi. Kila wiki mteja hupokea swali moja kwa barua pepe au kwa simu, hulijibu kwa kuandika au kwa kuzungumza, na mwaka ukiisha majibu yote hukusanywa, huchapwa na kujalidiwa. Sitaitaja kwa jina ile tuliyoitumia nyumbani kwetu Tanga, kwa kuwa zipo kadhaa zisizotofautiana sana na karibu yote nitakayoyasema yanazihusu hizo nyingine pia. Aliyeilipia ni dada yangu anayeishi Uingereza, naye alisajili watu watatu wa nyumba moja: mama yetu, mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka sabini, mimi, ninayeikaribia hamsini, na binti yangu, mwanafunzi wa chuo kikuu. Maswali tuliyoletewa yalikuwa yale yale, kwa mpangilio ule ule, na kwa sababu hiyo ilikuwa rahisi kuona ni kwa nani huduma inatimiza ahadi yake na kwa nani inashindwa. Hukumu yangu naitoa mapema: ni huduma nzuri kwa mtu aliyefikisha miaka sitini na zaidi, ni ya wastani kwa mtu wa makamo, na kwa kijana ni fedha iliyotupwa, na hata kwa mzee inahitaji mtu wa karibu atakayeisimamia na kuzikataa baadhi ya taratibu zake. Walioitengeneza wameichukulia kumbukumbu ya mtu kana kwamba haibadiliki tangu ujana hadi uzee, ilhali dalili za kwamba hubadilika zilikwisha kuandikwa zaidi ya karne moja iliyopita.

Mwingereza Francis Galton alijipima mwenyewe mwaka 1879, akiwa na umri wa miaka hamsini na kitu, kwa kujiandikia maneno 75 na kunakili yaliyomjia akilini alipolitazama neno moja baada ya jingine. Sehemu isiyo ndogo ya yaliyomjia ilitoka utotoni na ujanani mwake. Njia yake ilikaa bila kutumika kwa muda mrefu, ikafufuliwa nchini Marekani na Herbert Crovitz na Harold Schiffman mwaka 1974, na mwaka 1986 David Rubin na wenzake wakayaweka pamoja matokeo ya tafiti kadhaa, wakaonyesha umbo ambalo limeonekana tena na tena tangu hapo. Mtu aliyepita miaka arobaini au hamsini akiombwa ataje matukio ya maisha yake, huwa hana karibu lolote la kabla ya kutimiza miaka mitatu au minne. Kisha matukio yanayokumbukwa huongezeka na kufikia kilele kati ya umri wa miaka kumi na thelathini. Halafu hupungua kwa miaka ya makamo, na mwishoni huongezeka tena kwa mambo ya juzi na jana. Kilele hicho cha ujana ndicho ambacho huduma hii imekijengea biashara yake, iwe kwa kujua au kwa kubahatisha.

Hayo yalidhihirika katika majibu ya Mama. Maswali ya mwanzo yalihusu shule, mwalimu asiyesahaulika, kazi ya kwanza, namna mtu alivyokutana na mwenzi wake na nyumba ya kwanza waliyoishi. Mama alianza kazi katika kundi la wale tuliokuwa tukiwaita walimu wa UPE, yaani vijana walioandaliwa upesi mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipotekelezwa mwaka 1977, na kuhusu miaka hiyo alizungumza mpaka programu ikamkatiza kwa kuwa kila rekodi ina kikomo cha dakika. Alitaja nani alikaa dawati gani, mwalimu mkuu alivyokuwa akikohoa kabla ya kuingia darasani, na rangi ya gauni alilolivaa alipopokea mshahara wa kwanza. Yalipofika maswali ya miaka ya arobaini na hamsini ya umri wake, ambayo ni miaka mingi zaidi ya kazi yake na ambayo mimi naikumbuka vizuri kwa kuwa nilikuwa mtu mzima, majibu yalikuwa mistari miwili mitatu. Programu ikamtumia ujumbe wa kumhimiza aongeze maelezo, ikarudia wiki iliyofuata, na Mama akaniuliza kama amekosea kitu.

Hakukosea. Kitabu hugawanya maisha katika sura zenye urefu sawa, muongo mmoja sura moja, wakati kumbukumbu haikujigawa hivyo. Watafiti wana maelezo zaidi ya moja kuhusu kilele cha ujana, na sioni haja ya kuchagua moja na kuyatupa mengine. Wapo wanaosema kwamba ni umri wa mambo ya mara ya kwanza, na jambo la kwanza halichanganyiki na mfano wake. Wapo wanaosema, kama Martin Conway alivyosema, kwamba ni umri ambao mtu hujijua kuwa yeye ni nani, na kwamba huendelea kuyashika matukio yanayomweleza. Dorthe Berntsen wa Denmark akishirikiana na Rubin ameonyesha kwamba kila jamii ina mpangilio unaojulikana wa maisha, yaani lini mtu husoma, huajiriwa, huoa na kuzaa, na kwamba mambo ya furaha katika mpangilio huo yamerundikana ujanani. Mtu akiulizwa kuhusu maisha yake, huufuata mpangilio huo kama mkondo. Utafiti wao wa mwaka 2002 uliwahusu Wadenmark wa umri kuanzia ishirini na kuendelea, nao ulikuta kwamba kwa watu waliokwisha kuwa wazee kilele hicho huonekana wanapotaja tukio la furaha kubwa kuliko yote, lakini hakionekani wanapotaja la huzuni kubwa kuliko yote. Nitalirudia jambo hili chini, kwa maana huduma ina upungufu mkubwa katika upande huo.

Kilele hicho pia huhama. Robert Schrauf na Rubin waliwahoji wazee wenye asili ya Amerika ya Kilatini waliohamia Marekani wakiwa watu wazima, na mwaka 1998 wakaripoti kwamba wingi wa kumbukumbu zao ulisogea kuelekea umri waliohamia. Conway na Shamsul Haque, mwaka 1999, walikuta kwa wazee wa Bangladesh kilele cha pili kilichoangukia miaka ya mapambano ya uhuru wa nchi yao, yaliyomalizika kwa vita vya mwaka 1971, hata kwa watu ambao wakati huo walikwisha kuuvuka ujana. Wasomaji walioko Muscat, London au Toronto, ambao wazazi wao waliondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 au waliondoka bara baadaye, wanapaswa kulizingatia hili kabla ya kulipa. Orodha ya maswali ya huduma hizi imeandikwa kwa ajili ya mtu aliyezaliwa, akasoma na kustaafu katika mji mmoja, na hamna humo swali hata moja kuhusu safari ya kuhama, mzigo uliobebwa, mtu aliyeachwa au chumba cha kwanza cha ugenini. Kwa bahati njema huduma inaruhusu mteja kufuta swali na kuweka lake. Futa bila huruma. Kwa mzazi aliyehama akiwa na miaka thelathini na tano, maswali kumi ya mwaka huo yatakupa sura ndefu kuliko maswali yote ya utotoni.

Nifike sasa kwenye kipengele ambacho watengenezaji wanajivunia zaidi na ambacho mimi nilikizima, yaani mhariri wa akili mnemba. Jibu likishaingia, programu hulipitia, hulifupisha na kuweka alama nyekundu kwenye sehemu ambazo inaona zimetoka nje ya swali, kisha humwomba mteja aeleze tukio moja mahususi lililotokea mahali pamoja kwa siku moja. Kwa binti yangu mhariri huyu hakuwa na kazi, kwa sababu kijana husimulia hivyo hivyo anavyotakiwa: tulifika, mvua ikaanza, fulani akasema hivi. Kwa Mama, mhariri aliweka alama nyekundu karibu kila ukurasa. Swali lilikuwa, "Eleza siku uliyopata kitu ulichokihitaji sana," na Mama akaeleza miaka ya mwanzoni mwa 1980, sabuni na sukari zilipokuwa haba:

"Tulikuwa tunaamka saa kumi alfajiri, tunapanga mawe kwenye foleni ya duka la kijiji, kila jiwe na mwenyewe. Mtu akirudi saa moja, jiwe lake analikuta pale pale, wala hakuna aliyethubutu kulisogeza. Khanga zikija zinakuja chache, basi kamati inakaa, nani apewe, nani asubiri, na mwenye msiba anatangulizwa. Siku hizi watu wanagombania hata kwenye benki penye viti."

Toleo la mhariri lilisema kwamba siku moja, wakati wa uhaba, msimuliaji aliamka mapema na kufanikiwa kununua sukari. Mawe yalitoka, kamati ikatoka, mwenye msiba akatoka, na sentensi ya mwisho ikafutwa kwa kuwa ni maoni.

Programu imefanya kwa mashine kile ambacho Brian Levine na wenzake wa Toronto walikifanya kwa uangalifu wa kitaaluma mwaka 2002. Waliwaomba vijana na wazee wasimulie matukio ya vipindi mbalimbali vya maisha, kisha wakayahesabu maelezo kwa mafungu mawili: yale ya tukio lenyewe, kama vile yaliyotendeka, mahali, wakati, yaliyoonekana na kuhisiwa; na yale yaliyo nje ya tukio, kama vile maarifa ya jumla, desturi ya wakati huo, matukio mengine na maoni ya msimuliaji. Vijana walitoa zaidi maelezo ya fungu la kwanza, wazee walitoa zaidi ya fungu la pili, na hata wazee walipochokonolewa kwa maswali ya ziada mwelekeo huo ulibaki. Tafiti nyingi zilizofuata zimekuta jambo hilo hilo. Uwezo wa kulirudia tukio moja kwa vipande vyake vya kuona na kusikia hupungua kadiri umri unavyosogea, wakati maarifa kuhusu maisha, jinsi mambo yalivyokuwa yakienda na maana yake, hubaki imara na pengine huongezeka.

Hapo ndipo ninapotofautiana na waliotengeneza huduma hii. Wao wameyachukua maelezo ya nje ya tukio kuwa takataka. Kwa daktari anayeipima kumbukumbu, mgawanyo huo una kazi yake. Kwa familia inayotaka kitabu, maelezo hayo ndiyo hasa yasiyopatikana kwingine, kwani mjukuu wa Mama hatauliza kamwe ni tarehe gani bibi yake alinunua sukari, lakini hawezi kujua utaratibu wa mawe kama haukuandikwa. Tena zipo tafiti ambazo wasikilizaji, wakiwemo vijana, walizipa alama za juu zaidi hadithi zilizosimuliwa na wazee, hata pale wasimuliaji walipoonekana kuzunguka mbali na mada. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayemsajili mzazi ni huu: ingia kwenye mipangilio, zima uhariri wa kujiendesha, na uhariri mwenyewe kwa mkono mwepesi. Ukitaka kujua siku ilivyokuwa kwa macho na masikio, usimwambie mzee "kumbuka zaidi". Muulize kitu kimoja kidogo, kwa mfano aliyesimama mbele yake kwenye foleni, kisha nyamaza.

Udhaifu mwingine ni kisanduku cha tarehe. Jibu halipokelewi mpaka mteja ajaze mwaka, na ikiwezekana mwezi. Hakuna namna mbaya zaidi ya kuikaribia kumbukumbu. Mdachi Willem Wagenaar alijiandikia matukio yake ya kila siku kwa miaka sita, yapata 2,400, akiandika la kila siku lilikuwa nini, lilimhusu nani, lilitokea wapi na lini, kisha akajipima kwa kutumia vidokezo hivyo kimoja kimoja. Katika ripoti yake ya mwaka 1986 alionyesha kwamba kidokezo cha "nini" kilimsaidia kuliko vyote, na "lini" pekee hakikumsaidia karibu lolote. Mama, kama wazee wengi wa rika lake, huweka mambo yake kwenye vigingi vya historia: Azimio la Arusha lilimkuta msichana wa shule, njaa ya mwaka 1974 ilimkuta nyumbani kwa shangazi yake, na vita vya Kagera vilimkuta tayari ni mwalimu mwenye mtoto mgongoni. Norman Brown na wenzake wameonyesha kwamba Wabosnia pia huziweka kumbukumbu zao binafsi kabla au baada ya vita vyao, jambo ambalo hawakulikuta kwa watu wa nchi ambazo matukio ya kitaifa hayakuyavuruga maisha ya kila siku. Huduma ingeruhusu mtu kuandika "kabla ya vita vya Kagera" ikapanga sura kwa kufuata hilo, kazi ya Mama ingekuwa nyepesi zaidi. Kwa sasa tunajaza mwaka wa kukisia ili kisanduku kikubali, na kwenye kitabu mwaka huo umechapwa kwa herufi nzito kana kwamba una uhakika.

Kipengele cha picha, kwa upande mwingine, ni kizuri, na nashangaa kwamba wanakitoza malipo ya ziada. Mtu huweka picha ya zamani na programu humwuliza ni akina nani. Harry Bahrick na wenzake, katika utafiti wa mwaka 1975 uliowahusisha watu 392 na vitabu vya picha za wahitimu wa sekondari zao, walikuta kwamba nyuso za waliosoma nao zilitambuliwa kwa usahihi wa takriban asilimia 90 hata baada ya zaidi ya miaka thelathini, wakati kuyataja majina kwa kuitazama sura tu kulikuwa kugumu zaidi. Hivyo usitarajie mzee aorodheshe majina ya wanafunzi wenzake; mpe picha, na majina machache yatakuja pamoja na visa vyao.

Kuhusu binti yangu sina mengi. Aliacha kujibu kabla ya nusu ya mwaka, na simlaumu. Kwa mtu wa miaka ishirini na moja, kilele cha ujana na mambo ya juzi ni kitu kimoja, kwa hiyo hana umbali unaoyafanya maswali ya namna hii yawe na utamu. Anayakumbuka matukio kwa vipande vingi kuliko bibi yake, lakini vingi vya vipande hivyo viko tayari kwenye simu yake, na swali la "ni uamuzi gani uliobadilisha maisha yako" lilimchekesha kwa kuwa uamuzi huo bado hajaufanya. Watengenezaji wangeweza kumtungia kijana huduma tofauti, ya kuhifadhi wiki inayopita kwa maneno machache ili aje kuisoma akiwa na miaka hamsini, lakini hiyo ingekuwa shajara, na shajara ni daftari la bei ndogo.

Mimi niliye katikati nilipata faida kiasi. Maswali ya sekondari na ya kazi ya kwanza yalinijia kwa wepesi ambao sikuutarajia, na ya miaka kumi iliyopita yalinijia kama orodha ya majukumu: ada, ujenzi, hospitali, mikutano. Kwa mtu wa makamo tatizo kubwa ni muda, kwani swali hufika Jumatatu asubuhi na ujumbe wa kukumbusha hufuata Alhamisi, na jibu linaloandikwa ndani ya daladala haliwezi kuwa na uzito. Kama ningeshauriwa mapema, ningesubiri miaka kumi.

Sasa nilirudie suala la huzuni. Orodha nzima ya maswali imeegemea upande wa furaha, na kwa mzee hilo linaongeza sukari kwenye chai ambayo tayari ni tamu. Quinn Kennedy, Mara Mather na Laura Carstensen waliwarudia masista wa Kikatoliki nchini Marekani waliokuwa wamejaza maelezo kuhusu afya na hisia zao mwaka 1987, wakawaomba mwaka 2001 wakumbuke walivyojibu wakati ule. Wale wenye umri mkubwa zaidi waliyakumbuka maisha yao kuwa mazuri kuliko walivyokuwa wameyaandika. Nimeliona hilo katika kitabu cha Mama. Miaka ya uhaba imekuwa miaka ya ushirikiano, na mwalimu mkuu ambaye dada yangu anakumbuka jinsi alivyokuwa akilalamikiwa mezani kila jioni, amekuwa mlezi mwenye subira. Sioni ubaya wowote mzee kuyatazama maisha yake kwa jicho la msamaha, ila wasomaji wa kitabu wajue wanachokisoma. Tena uwazi wa kumbukumbu hauthibitishi ukweli wake: Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwaomba wanafunzi waandike, mara baada ya chombo cha anga cha Challenger kulipuka tarehe 28 Januari 1986, walivyozipata habari hizo, na walipowauliza tena yapata miaka mitatu baadaye wengi walieleza mambo tofauti, baadhi yao tofauti kabisa, kwa kujiamini kukubwa. Kila Mtanzania wa umri wangu anaweza kueleza mahali alipokuwa aliposikia kwamba Mwalimu Nyerere amefariki tarehe 14 Oktoba 1999, na swali la aina hiyo limo kwenye huduma kwa ajili ya matukio ya nchi nyingine. Liongeze hili la kwetu, kwa kuwa huleta simulizi nzuri, lakini usilitumie kumsuta mtu.

Kwa watu wawili ningetoa tahadhari ya kweli. Wa kwanza ni mwenye sonona. Tangu utafiti wa Mark Williams na Keith Broadbent wa mwaka 1986, inajulikana kwamba watu walio katika hali hiyo hushindwa kulifikia tukio mahususi na huishia kwenye kauli za jumla, nao mashine inayowasukuma kila wiki kwa alama nyekundu inaweza kuwaongezea uchungu. Wa pili ni mzee mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Mfaransa Théodule Ribot alikwisha kuandika mwaka 1881 kwamba katika maradhi ya namna hii yanayotangulia kupotea ni mambo mapya, huku ya zamani yakidumu zaidi, na kwa sababu hiyo maswali ya utoto na ujana yanaweza kuleta mazungumzo mazuri wakati ambapo ya mwaka jana yanaleta fedheha. Mzee huyo asiachiwe simu; akae na mtu anayemwuliza, na mtu huyo ndiye ajaze fomu. Daktari Robert Butler wa Marekani alieleza mwaka 1963 kwamba kuyapitia maisha yaliyopita ni kazi ya kawaida ya uzeeni na si dalili ya akili kuchoka, na mimi nimeona kwamba Mama aliifanya kazi hiyo vizuri zaidi alipokuwa akiniambia mimi kuliko alipokuwa akiiambia simu.

Yapo pia mambo ya kawaida ya huduma yenyewe. Programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi inakielewa Kiswahili cha taarifa ya habari, na inapotea kabisa mzungumzaji anapoingiza Kibondei au Kisambaa, kwa hiyo kila jibu la Mama nililisikiliza na kulisahihisha, kazi ambayo huchukua muda kuliko mahojiano yenyewe. Kupakia rekodi ndefu kunakula bando, na mtandao ukikatika katikati rekodi huanza upya. Kwenye kitabu kilichochapwa huwekwa msimbo wa kuchanganua kwa simu ili msomaji asikie sauti ya msimuliaji, jambo ambalo ndilo lililowafurahisha wajukuu kuliko ukurasa wowote. Lakini sauti hizo zimehifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni, na zitasikika kwa muda ule tu kampuni itakapokuwepo. Zipakue zote na uzihifadhi kwako kabla ya kuagiza uchapaji.

Karatasi ni nzito, jalada ni gumu na mshono ni wa uzi, kwa hiyo kitabu kinafunguka vizuri bila kurasa kung'oka. Picha za rangi hulipiwa zaidi kwa kila ukurasa, na nakala za ziada si rahisi, ingawa ukiwa na faili la kitabu unaweza kuchapisha nakala nyingine kwa mchapaji wa hapa nchini kwa gharama ndogo. Usafirishaji hadi Tanzania haumo kwenye bei inayotangazwa. Chetu kilipelekwa Uingereza kikaletwa na dada yangu mkobani. Malipo hupokelewa kwa kadi ya benki peke yake, na usajili hujihuisha wenyewe mwaka ukiisha, hivyo asiyetaka kuendelea auzime mapema kwenye ukurasa wa akaunti. Wa Mama tumeuendeleza kwa mwaka wa pili, huku maswali yakiandikwa na sisi wenyewe.